Airisi Nairobi zinanipa majani bila ua: mwezi wao ni upi hasa?

Nyota_ya_Kasarani

Habari za jioni wadau wa bustani. Nina airisi zile za ndevu, ambazo shina lao nene hulala juu ya udongo kama tangawizi. Nilipewa na wifi yangu, yeye alinunua kwenye kitalu akaambiwa zitatoa maua ya zambarau. Zimeshika vizuri sana. Majani yamesimama, na kila msimu zinazaa watoto pembeni. Lakini ua sijaona hata moja.

Kila ninaposoma mtandaoni naambiwa airisi huchanua Mei. Mei inakuja na mvua zake, inapita, Juni inaingia, kimya. Udongo wangu ni ule mwekundu, jua lipo kuanzia asubuhi hadi saa sita, maji namwagia karibu kila jioni, na mvua zikianza naweka mbolea ya CAN. Shida ni mbolea, ni jua, au ni aina yenyewe? Na kwa hapa Nairobi mwezi wao ni upi? Nazitaka sana hizi maua, naombeni msaada.

Kitalu_Kando_ya_Barabara

Dada Nyota, pole. Mimi nauza miche upande wa Ngong Road, na swali lako naulizwa mara nyingi. Anza kwa kuacha CAN. Ile ni naitrojeni, asilimia 26, na naitrojeni kazi yake ni majani. Ukiizidisha, shina linakuwa laini na linaoza upesi mvua ikikolea. Ukitaka kulisha, weka unga wa mifupa kiasi, upo agroveti yoyote, au mbolea ya DAP kidogo wakati wa kupanda tu.

Ila hata ukiacha CAN leo, siwezi kukuahidi ua. Wenye uzoefu zaidi watakueleza.

BibiShamba

Mwanangu Nyota, hiyo Mei unayoisoma ni Mei ya Uingereza na Marekani. Kule Mei ni mwisho wa majira yao ya kuchipua, baada ya miezi ya baridi kali. Airisi ya ndevu inatoka katika nchi za majira manne, na baridi ile ndefu ndiyo inayoiambia itengeneze ua. Zile fupi kabisa huchanua mapema, Aprili hivi, na zile ndefu hufuata Mei na mwanzo wa Juni. Baridi isipokuja, mmea haufi, unaendelea tu kutoa majani na kuzaa watoto. Ndiyo hali ya bustani yako.

Sasa tazama Nairobi. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mchana wetu una urefu wa kama saa 12, iwe Januari au Julai. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mchana jua likitoka tunarudi kwenye 20 na zaidi. Kwetu sisi hiyo ni baridi ya kuvaa sweta, lakini airisi ya ndevu haihesabu hiyo kuwa baridi. Halafu kuna jambo la pili ambalo watu husahau: Juni hadi Agosti yetu ni ya mawingu. Unaweza kukaa siku kadhaa bila kuliona jua vizuri. Mmea unaotaka jua kamili la saa sita au zaidi kwa siku unapunjwa jua wakati uleule ambao ungefaidika na ubaridi. Kwa hiyo wewe hujakosea mwezi. Nairobi haina mwezi wa airisi ya ndevu.

Kuna vitu viwili vya kurekebisha hata hivyo. Shina lile nene lisizikwe. Mgongo wake uonekane juu ya udongo, uchomwe na jua, mizizi tu ndiyo iingie chini. Na maji ya kila jioni acha. Mmea huu unapenda kukauka kati ya kumwagiliwa na kumwagiliwa.

Limuru_Baridi

Bibi, shikamoo. Nakubaliana na wewe kuhusu Nairobi, ila usiwafungie watu mlango. Mimi niko Limuru na za kwangu zimewahi kuchanua. Si zote, na si kila mwaka. Zile zilizo kwenye mteremko, mahali palipo wazi ambapo ubaridi wa usiku unatuama, ndizo zinazonipa maua, na huwa ni baada ya Agosti, mawingu yanapofunguka na jua linarudi. Zilizo karibu na ukuta wa nyumba hazijawahi kutoa kitu.

BibiShamba

Marahaba mwanangu. Umesema jambo zuri, na ndilo linalothibitisha habari yenyewe. Limuru mko juu ya mita 2,200. Katikati ya Nairobi ni kama mita 1,660, na ukipanda kuelekea Dagoretti na Karen unakaribia au kupita 1,800. Tofauti hiyo inaonekana usiku. Kwenu kuna usiku wa umande wa barafu mwaka mwingine, Kasarani hakuna.

Na hapo pa mteremko pana siri nyingine: maji hayasimami. Ningeweza kusema airisi nyingi za ndevu hapa zinauawa na mvua za Aprili, wala si joto.

Mtaa_wa_Syokimau

Hilo la Aprili ndilo langu. Huku tuna udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka unaweza kuingiza mkono. Nilipanda airisi, masika yakaja, nikaanza kuona majani yanakuwa ya manjano kutoka chini. Ukivuta jani linatoka lote na shina ni uji unaonuka vibaya sana. Ni ugonjwa gani, na kuna dawa?

Kitalu_Kando_ya_Barabara

Huo ni uozo laini wa bakteria, kaka. Harufu ndiyo inayoutambulisha. Dawa ya kunyunyiza haisaidii ukishaingia. Chimbua shina lote, kata kwa kisu kikali mpaka ufike palipo pagumu na peupe, kipande kibovu utupe mbali na bustani, wala usikitie kwenye mboji. Kilichobaki kiache kivulini siku chache kidonda kikauke kabla ya kupanda tena. Na kisu ukioshe kwa dawa ya madoa iliyozimuliwa kabla ya kugusa mmea mwingine, maana wengi husambaza ugonjwa kwa kisu chao wenyewe.

Halafu usirudishe palepale. Inua tuta, changanya mchanga wa mto na kokoto ndogo. Udongo wetu mweusi ukiulazimisha kuwa mwekundu utachoka bure. Afadhali upande juu yake.

BibiShamba

Au apande kinachopenda maji. Kuna airisi za Louisiana, zinatoka kwenye mabwawa na kingo za mito ya kusini mwa Marekani, mahali penye joto. Hizo hazidai baridi kali, na watu wa Queensland kule Australia, ambako hakuna baridi ya kutisha, wanazikuza. Rangi zake ni za ajabu, hadi nyekundu ya matofali. Zinataka udongo wenye rutuba, unyevu wa kudumu, na uchachu kidogo. Hapo ndipo Syokimau pana kikwazo, kwa sababu udongo mweusi wa nyanda za Athi mara nyingi huegemea upande wa alkali. Basi lishe lile tuta kwa mboji iliyoiva vizuri, mwaka hadi mwaka.

Nikuombe kitu kimoja tu. Ukipewa airisi ya manjano inayoota majini, ile inayoitwa *Iris pseudacorus*, usiipande karibu na mto wala mtaro. Afrika Kusini na sehemu nyingi za Marekani inahesabiwa kuwa gugu vamizi, inasambaa kwa mbegu zinazoelea na kwa vipande vya shina. Mito yetu Nairobi ina matatizo ya kutosha.

Binti_Mvita

Asalaam aleikum jamaa. Mimi naishi South B lakini kwetu ni Mombasa, na ukoo wetu una asili ya Hadhramaut, Yemen. Nimesoma kwamba kuna airisi nyeupe ya Yemen iliyokuwa ikipandwa juu ya makaburi ya Waislamu. Nataka sana kuipata niipande hapa. Je, nayo itanisumbua hivi hivi? Na ndugu zangu wakija kutoka huko naweza kuwaambia waniletee kipande kwenye begi?

BibiShamba

Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo ni *Iris albicans*. Asili yake ni Yemen na Saudia, na kisa chake kinanigusa kila ninapokifikiria. Haizai mbegu. Ukiikuta popote duniani, kwenye visiwa vya Bahari ya Kati, Hispania, hata Texas, jua kuna mtu aliyeibeba kipande kwa mkono na kukifukia. Watu walitembea nayo kwa sababu ya wafu wao.

Inastahimili joto na ukame kuliko hizi ndefu za bustani za Ulaya, na shina lake ni la kulala juu vilevile. Hapa Nairobi ningeijaribu kwenye jua kamili, juu ya tuta la kokoto, bila mbolea. Nafasi ya kupata ua ni kubwa kuliko ya Nyota, lakini siwezi kukuahidi.

Kwenye begi, hapana. Tafadhali sana. Mmea wowote kutoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea, unachokiomba kabla haujasafirishwa, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kipande kimoja chenye minyoo ya mizizi au virusi kinaweza kuingia kwenye shamba la mtu anayeishi kwa kilimo. Sisi wapenda maua tusiwe mlango wa balaa hilo.

Mkulima_wa_Baraza

Nawasoma kwa hamu, ila wengine tuko ghorofani. Mimi niko Umoja, nina baraza la hatua mbili tatu, jua linaingia asubuhi kwa saa chache basi. Nikate tamaa na airisi?

Kitalu_Kando_ya_Barabara

Usikate tamaa. Kwako weka Neomarica, wengine wanaiita airisi inayotembea. Ni ya Amerika ya Kusini na ya Kati, inatoka misitu yenye joto, kwa hiyo habari ya baridi haiijui. Inakubali kivuli chepesi na ndoo ya lita 10 yenye matundu chini. Ua lake ni jeupe na buluu, linafunguka asubuhi na jioni limeshajikunja. Siku moja tu. Ila mmea ukikomaa unatoa mengine kwa zamu.

Kikonyo kikishamaliza maua, ncha yake inazaa mtoto. Kwa uzito ule kinainama, mtoto anagusa udongo, anatia mizizi. Weka ndoo ya pili pembeni umpokee. Utawagawia jirani zako wote wa hiyo ghorofa.

Nyota_ya_Kasarani

Asanteni sana, nimejifunza. Lakini Bibi, moyo wangu bado unataka umbo lile la airisi, petali tatu zinasimama na tatu zinainama. Na nataka bustanini chini, siyo ndooni. Hakuna kabisa ya kwetu inayochanua hapahapa bila kubembelezwa?

BibiShamba

Ipo, mwanangu, na nilikuwa nangoja uulize. Inaitwa Dietes. Ni ya jamii moja na airisi, na hizi nitakazokutajia ni za Afrika. *Dietes iridioides* inaota yenyewe kuanzia Afrika Kusini hadi huku Afrika Mashariki, kwenye misitu ya nyanda za juu za Kenya, chini ya miti. Ni ndogo, maua meupe yenye alama ya manjano na katikati buluu ya zambarau. Petali zake hazisimami kama za ndevu, zimetandazwa bapa zaidi, lakini ukiinama ukaitazama kwa karibu utaona ni mtoto wa ukoo uleule.

Ndugu yake, *Dietes grandiflora*, ni wa Afrika Kusini. Yeye ni mkubwa, majani yanaweza kufika mita moja na zaidi, na ua lake ni pana. Huyu ndiye anayepandwa kando ya maegesho na kuta za ofisi jijini, watu wanapita wakidhani ni majani. Yuko pia *Dietes bicolor*, wa rangi ya manjano hafifu na madoa matatu ya kahawia iliyokolea. Mimi binafsi nampenda yule mdogo wa msituni kuliko wote, na inaniuma kwamba ndiye mgumu kumpata kwenye vitalu ilhali ndiye wa kwetu.

Swali lako la kuchanua basi: Dietes haina mwezi mmoja. Huchanua kwa mawimbi. Ua la *iridioides* hudumu siku moja, la *grandiflora* kama siku tatu, lakini kichaka kizima hufungua kwa pamoja, kikapumzika, kikarudi. Hapa Nairobi mawimbi makubwa utayaona mvua zikishaloweka udongo vizuri, za masika na za vuli, na jua likifuatia. Katikati ya hapo utapata moja mbili za kushtukiza. Januari na Februari ikikauka sana inatulia, lakini haifi, hata mgao wa maji ukikubana.

Limuru_Baridi

Naongezea: hata hizo za ndevu, kila shina huchanua mara moja tu maishani. Likishatoa ua, kazi imebaki kwa watoto wake. Ndiyo maana zinagawanywa kila miaka mitatu au minne, shina la zamani lililo katikati unalitupa na watoto unawapanda upya. Ukiacha zirundikane zinanyimana jua na chakula.

Na fuko, jamani. Huku kwetu fuko anakula chochote kilicho kinene chini ya ardhi. Mimi hutandaza wavu wa kuku chini ya tuta kabla ya kupanda.

Mtaa_wa_Syokimau

Na koa? Masika wananimalizia kila kitu.

Kitalu_Kando_ya_Barabara

Koa na konokono watoe usiku kwa tochi, hakuna njia ya hakika zaidi. Na usiache majani makavu yamelala juu ya mashina, hapo ndipo wanapojificha mchana, na ndipo madoa ya ukungu yanapoanzia.

Wenye watoto wadogo na mbwa muwe waangalifu pia: shina la airisi lina sumu likiliwa, linatapisha na kuharisha, na utomvu wake unawasha ngozi ya watu wengine. Vaeni glavu mnapogawanya.

Nyota_ya_Kasarani

Basi nimeamua. Hizi za wifi sitazitupa, nitaziinua kwenye tuta na kuacha CAN, na nitampa Limuru_Baridi kiasi akiwa tayari, huko zina nafasi. Hapo zilipo nitaweka Dietes. Bibi, nizipande lini? Na zile ndevu nizihamishe lini?

Limuru_Baridi

Niko tayari, dada. Ukichimbua, punguza majani yabaki theluthi, funga kwa gazeti kavu, usifunge kwa karatasi ya nailoni maana zitatoka jasho zioze njiani. Zinakaa hata wiki mbili bila shida.

BibiShamba

Za ndevu zihamishe masika yakishakatika, mwisho wa Mei au Juni, zipate miezi mikavu ya kutia mizizi kabla ya vuli. Dietes ni kinyume: yeye mpande mvua zinapoanza, mwisho wa Machi au Oktoba. Nunua mche wa kwenye mfuko ukiweza, au panda mbegu. Kichaka kikubwa kilichopasuliwa huchukia kusumbuliwa, kinaweza kununa msimu mzima kabla ya kuanza kuchanua.

Nafasi kati ya mche na mche iwe kama hatua moja fupi kwa *grandiflora*, nusu yake kwa yule mdogo. Jua la asubuhi ulilonalo linamtosha kabisa.

Binti_Mvita

Bibi, nina Dietes hapa kwenye uwanja wa nyumba tulizopanga, kumbe ndizo hizo. Zilikuwa zikichanua vizuri, mwaka huu hakuna kitu. Mtunza bustani wetu huzikata vikonyo vyote maua yakiisha, anasema anasafisha.

BibiShamba

Hapo ndipo maua yako yalipoishia, mwanangu. Kikonyo cha *grandiflora* na cha *iridioides* hakifi baada ya ua. Kinabaki kijani, na wimbi linalofuata linatoka kwenye kikonyo kilekile, mwaka hadi mwaka. Anapovikata anakata maua ya msimu ujao na wa baada yake. Mwambie kwa upole aondoe tu vidonge vya mbegu kama hataki zisambae, na kikonyo akikate kimoja kimoja pale kinapokuwa kimekauka kahawia mpaka chini. Katika mdogo wa msituni vikonyo hivyo hata huzaa watoto kwenye vifundo, unaweza kuwachomoa na kuwapanda.

Binti_Mvita

Vikishakatwa vyote vitarudi?

BibiShamba

Vitarudi. Mmea utatoa vipya kutoka katikati ya majani, ila upe muda. Usiupe naitrojeni ukidhani unauharakisha. Weka mboji pembeni ya kichaka kabla ya mvua za Oktoba, umwagilie kwa kina mara moja kwa wiki mpaka zianze, na mtu asiuguse kwa panga.